Kidato cha nne kimekwisha, simu haishuki mkononi: Mpe mtoto daftari la kikoba

MTIHANI wa kidato cha nne huisha Novemba, matokeo hutoka Januari, na kidato cha tano huanza Julai. Katikati hapo kuna zaidi ya miezi saba ambayo kijana yuko nyumbani. Hana sare, hana kengele ya asubuhi, na mara nyingi ndiyo mara yake ya kwanza kushika simu janja bila mwalimu wa kumnyang'anya.

Katika kata ya Isansa, wilayani Mbozi mkoani Songwe, miezi hiyo huja na mvua. Mchana kuna mahindi na maharage ya kupalilia, na mibuni ya kuangalia. Usiku baridi ya Mbozi huwaingiza watu kitandani mapema, lakini chini ya blanketi moja mwanga unawaka mpaka saa saba. Asubuhi bando la mama limekwisha, na aliyelimaliza anaburuta jembe kama mgonjwa. Akiulizwa, jibu liko tayari: "Nilikuwa najifunza kutengeneza aplikesheni, mama."

Jibu hilo linaweza kuwa kweli. Linaweza pia kuwa la kumnyamazisha mama. Kinachowasumbua wazazi wengi ni kwamba hawana kipimo cha kujua lipi ni lipi, hivyo wanaangukia moja kati ya mawili: simu inafungiwa kabatini, au mtoto anaachiwa kwa matumaini kwamba dunia ya sasa ni ya teknolojia na atajua mwenyewe.

Kipimo kipo, na hakimtaki mzazi ajue kompyuta. Ni swali moja: programu hiyo unamtengenezea nani? Kijana anayeweza kumtaja mtu na shida ya mtu huyo, yuko kazini. Anayesema anatengeneza kitu kama Facebook lakini bora zaidi, bado anaota. Si kosa kuota ukiwa na miaka 17, ila bando la nyumbani lina bei.

Walioanza na shida

Nchini Kenya, Su Kahumbu hakuwa mwandishi wa programu. Alikuwa mtu wa kilimo hai, na alijua jambo ambalo mfugaji yeyote wa Mbozi analijua: ng'ombe hubeba mimba siku kama 280, na mfugaji asiyeandika tarehe aliyopandisha hupoteza hesabu, akapoteza maziwa, pengine akampoteza na ndama. Kutokana na shida hiyo likatoka wazo la iCow, lililoshinda shindano la Apps4Africa mwaka 2010 na kuanza kutumika mwaka uliofuata. Mfugaji aliingiza tarehe, kisha simu ikamkumbusha hatua kwa hatua kwa ujumbe mfupi. Ilifanya kazi hata kwenye kitochi. Hilo la kitochi ni la kuzingatia, kwa sababu vijana wengi hutengeneza programu zinazotaka simu ambayo jirani yao hana.

Mwaka 2017 wasichana watano wa shule ya sekondari ya Kisumu Girls, pia Kenya, walitengeneza programu waliyoiita i-Cut. Wao wenyewe walitoka katika jamii isiyokeketa. Lakini walikuwa na rafiki shuleni, msichana mwenye akili sana darasani, ambaye baada ya kukeketwa hakurudi tena shule. Programu yao ilikuwa na vitufe vichache tu, na kupitia hivyo msichana aliye hatarini angeweza kuomba msaada, kutoa taarifa au kufikishwa kwa watu wa sheria na wa tiba. Kundi hilo, lililojiita The Restorers, lilifika fainali ya shindano la kimataifa la Technovation huko California likiwa timu pekee kutoka Afrika mwaka huo. Mwaka 2019 walikuwa miongoni mwa waliofika hatua ya mwisho ya Tuzo ya Sakharov ya Bunge la Ulaya.

Nyuma yao alikuwepo mlezi kutoka LakeHub, kituo cha teknolojia cha mjini Kisumu. Nyuma yao pia walikuwepo wazazi waliokubali binti zao wakae na kompyuta badala ya kurudi nyumbani mapema. Hao hawatajwi sana kwenye habari.

Msomaji ataona kwamba majina mengi katika habari hii ni ya kike. Inafaa kulitazama hilo ukiwa Isansa, ambako simu ya nyumba ikipata nafasi jioni kwanza hushikwa na kaka, kwa kuwa dada yuko jikoni. Dar es Salaam kuna taasisi ya Apps and Girls, iliyoanzishwa mwaka 2013 na Carolyne Ekyarisiima, inayofundisha wasichana wa shule kutengeneza programu kupitia klabu. Klabu kama hiyo haiwezi kufika kila kata. Kuosha vyombo kwa zamu kunaweza kufika kila nyumba.

Mahindi, maharage na picha

Mfano ulio karibu zaidi na shamba la Mbozi ulianzia pwani. Watafiti wa mradi wa PlantVillage wa Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, pamoja na taasisi ya kilimo ya IITA, walipiga picha za majani ya mihogo katika mashamba ya majaribio nje kidogo ya Bagamoyo. Picha 2,756 zilitumika kuifundisha kompyuta kutambua jani lenye ugonjwa na jani zima, na matokeo yakachapishwa mwaka 2017. Kutoka hapo ikazaliwa programu ya simu iliyopewa jina la Kiswahili, Nuru. Mkulima anaelekeza kamera kwenye jani, simu inampa jibu, na inaweza kufanya hivyo bila intaneti.

Viwavijeshi vamizi walionekana Afrika mwaka 2016 na mwaka uliofuata wakawa tayari wako kwenye mahindi ya Tanzania. Mwaka 2018 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilishirikiana na watu hao hao kuiongezea Nuru uwezo wa kumsaidia mkulima kukagua mahindi yaliyoshambuliwa. Mzazi ambaye shamba lake lilikwishaliwa na wadudu hao anaweza kumwambia mtoto aipakue na waende nayo shambani pamoja. Ni somo zuri kwa wote wawili, na halihitaji cheti.

Somo lenyewe lina upande wa pili ambao vijana hawaupendi. Nuru ilipotoka kwenye kompyuta ya watafiti ikaingia kwenye simu na kupelekwa mashambani, uwezo wake wa kutambua ulishuka. Jani lililougua sana ililijua vizuri kuliko jani lenye dalili za mwanzo, na za mwanzo ndizo mkulima anazozihitaji. Mwanga, upepo, mkono unaotetemeka, jani lenye vumbi: hayo hayakuwepo mezani. Watafiti walitangaza upungufu huo wenyewe, wakaendelea kuirekebisha.

Kwa upande wa mahindi na maharage, Dkt. Neema Mduma wa Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Arusha, na wenzake wamekusanya maelfu ya picha za mazao hayo kutoka mashamba ya Tanzania, mazima na yenye magonjwa, na kuziweka wazi ili mtu yeyote anayetaka kutengeneza programu ya kutambua magonjwa azitumie. Zilipigwa kwa kamera za simu za kawaida. Dkt. Mduma ndiye pia mwanzilishi wa BakiShule, mradi wa kutumia kompyuta kutambua mapema wanafunzi walio katika hatari ya kuacha masomo.

Kijana wa Isansa anayedhani teknolojia iko mjini asikie hilo: picha za jani la mhindi lililougua hupatikana mahali penye mahindi.

Shangazi na daftari

Turudi nyumbani. Chukua mfano wa nyumba ambayo shangazi ni mweka hazina wa kikoba. Ana daftari kubwa la mistari, kalamu mbili na kikokotoo cha simu. Kila wiki wanachama wananunua hisa, kuanzia moja hadi tano. Wengine wanakopa, wengine wanarejesha na riba. Mwisho wa mwaka mfuko unagawanywa, na siku hiyo ndiyo siku ya maneno. Mtu mmoja anasema hisa zake hazikuandikwa, mwingine anasema alilipa mkopo wiki ambayo shangazi alikuwa msibani.

Hapo kuna programu inayosubiri kutengenezwa, na anayeisubiri ana jina.

Kijana hahitaji kuanza na lugha ngumu. Ipo App Inventor, iliyoanzia Google mwaka 2010 na sasa iko chini ya chuo cha MIT cha Marekani. Ni ya bure. Mtumiaji haandiki msimbo. Anaburuta vitufe na visanduku kwenye skrini, kisha anaunganisha vipande vya rangi vinavyosema "kikibonyezwa hiki, fanya hivi", kama mtoto anayepanga matofali. Kwa mdogo zaidi ipo Scratch, nayo iliyotolewa na MIT mwaka 2007, ambayo inaweza kuwekwa kwa Kiswahili na hutumika zaidi kutengeneza michezo na hadithi.

App Inventor hutaka kompyuta yenye intaneti, na simu ya kujaribia. Nyumba isiyo na kompyuta inaweza kutumia ya shule kwa ruhusa ya mwalimu, au ya steshenari mjini Vwawa au Mlowo kwa saa. Saa hizo zinagharimu pesa, kwa hiyo kijana afanye kwanza kazi ya karatasi nyumbani: achore kila skrini kwenye daftari lake, aandike kitufe gani kinapeleka wapi, ahesabu kwa mkono. Kijana anayekwenda steshenari bila mchoro atamaliza saa ya kwanza akichagua rangi.

Na kazi ya karatasi ndiyo ngumu. Mfano: mfuko una Sh3,000,000 na wanachama wote kwa pamoja wana hisa 1,200. Kila hisa ina thamani ya Sh2,500, hivyo mwenye hisa 60 anachukua Sh150,000. Ni hesabu ya darasa la sita. Sasa muulize shangazi: aliyejitoa katikati ya mwaka mnamfanyaje? Ambaye bado ana deni siku ya kugawana? Faini za kuchelewa zinaingia mfuko gani? Aliyefariki, hisa zake anachukua nani? Shangazi ana majibu yote kichwani, na hakuna aliyewahi kumwomba ayaseme. Jioni mbili za mazungumzo hayo, kijana ameshika kalamu na simu iko pembeni, zina faida kuliko wiki ya kutazama video za watu wanaojisifu kwa kutengeneza programu.

Kisha programu inakuja, na inaharibika. Shangazi anaingiza wanachama kumi, anaifunga, anaifungua tena, haina hata mmoja. Hilo humkuta karibu kila anayeanza: ameweka taarifa mahali pa muda, hakuzihifadhi kwenye kumbukumbu ya simu. Itarekebishwa. Halafu maandishi ni madogo, shangazi anatafuta miwani. Halafu kitufe cha kufuta kiko karibu mno na cha kuhifadhi. Halafu limeandikwa neno la Kiingereza ambalo kikundi hakilitumii. Wao husema hisa, riba, faini, marejesho. Kijana atakasirika na kusema shangazi hajui kutumia simu. Hapo ndipo mzazi ana neno la kusema: shangazi ndiye mwenye kazi, na programu ambayo mwenye kazi haiwezi, haijakamilika.

Asiye na kompyuta kabisa bado ana njia. Kurasa za HTML na JavaScript zinaweza kuandikwa kwenye simu yenyewe, kwa programu ndogo ya kuandikia maandishi, zikafunguliwa kwenye kivinjari. Inachosha vidole na skrini ni ndogo, lakini hesabu ya kikoba inafanyika humo vizuri tu. Zana za wataalamu, kama Android Studio na lugha ya Kotlin ambayo Google huipa kipaumbele tangu 2019, zinataka kompyuta yenye RAM ya GB 8 kwenda juu. Mzazi asiuze gunia la kahawa kununua kompyuta mpakato mwezi wa kwanza. Asubiri aone daftari la michoro limejaa.

Watu 12 kwa siku 14

Programu ikishafanya kazi, kijana atataka iingie kwenye duka la Google, Play Store. Hapa mzazi anahusika moja kwa moja. Akaunti ya mtengenezaji hufunguliwa na mtu wa miaka 18 au zaidi, na kuna ada ya dola 25 za Marekani, zaidi ya Sh60,000, inayolipwa mara moja kwa kadi. Duka la Apple ni ghali zaidi, dola 99 kila mwaka, na kwa kikoba cha kijijini halina maana.

Google pia ina sharti lililowashtua vijana wengi. Tangu Novemba 2023, mtu binafsi anayefungua akaunti mpya lazima kwanza awe na watu walioijaribu programu yake kwa siku 14 mfululizo. Mwanzoni walitakiwa watu 20. Desemba 2024 idadi ikapunguzwa hadi 12. Mitandaoni kuna vijana wanaohangaika kutafuta watu wa kuwajaribia, wengine wakilipia. Mwenye programu ya kikoba cha shangazi anahitaji wanachama 12 wenye simu za Android, na pengine wameketi wote kwenye benchi moja siku ya kikao.

Kuingia Play Store si lazima. Faili la programu, APK, linaweza kutumwa moja kwa moja kwenye simu ya shangazi, na simu itatoa onyo kabla ya kulikubali. Onyo hilo lina sababu, kwa kuwa wezi nao hutuma mafaili ya namna hiyo hiyo wakijidai ni benki, bahati nasibu au picha za harusi. Sheria ya nyumba iwe rahisi: faili la aina hiyo likubaliwe tu kama aliyelitengeneza yuko mbele yako na unamjua mama yake.

Kundi zuri na kundi baya

Hakuna anayejifunza kazi hii peke yake. Watengenezaji wa programu duniani wana desturi ya kuulizana waziwazi. Stack Overflow, uliopo tangu 2008, ni mtandao ambao mtu huweka swali lake, anaonyesha alichojaribu na kosa lililotokea, na mtu asiyemjua anamjibu bure. Kuna ukali wake. Anayeuliza bila kujaribu hukaripiwa. Kijana aliyelelewa kuamkia wakubwa na kusubiri zamu yake ataizoea.

Afrika Mashariki ina sababu ya kujivunia desturi hiyo. Januari 2008, Kenya ikiwa katika machafuko ya baada ya uchaguzi, mwanasheria Ory Okolloh aliomba kupitia blogu yake watu wa kutengeneza ramani ya kuonyesha yanayotokea mitaani. Waandishi wa programu wachache, akiwemo David Kobia, waliijenga ndani ya siku chache. Wananchi walituma taarifa kwa ujumbe wa simu, nazo zikaonekana kwenye ramani. Waliita Ushahidi, na mwaka 2010 ilitumika hadi Haiti baada ya tetemeko la ardhi. Mwaka huo huo watu wa kundi hilo walikuwa nyuma ya kuanzishwa kwa iHub, mahali pa kukutania jijini Nairobi. Dar es Salaam ilipata Buni Hub mwaka 2011, chini ya Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH.

Kwa kijana wa Songwe, walio karibu ni wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, MUST, safari ya basi moja kutoka Vwawa. Vipo pia vikundi vya watengenezaji programu vinavyojiita Google Developer Groups, vyenye matawi nchini, ambavyo hukutana hadharani na mara nyingi bila kiingilio.

Mzazi anatofautishaje kundi la kazi na kundi la maangamizi, wakati yote mawili yapo kwenye WhatsApp na Telegram? Kundi la kazi linazungumzia makosa. Ukurasa mzima unaweza kuwa watu wanalalamika kwamba kitu hakifanyi kazi, na wengine wanawasaidia mbele ya wote. Kundi baya linazungumzia pesa. Linataka kiingilio, linataka ulete watu wengine watatu, linataka picha ya kitambulisho cha baba, linamwita mtoto pembeni usiku. Likisema utalipwa kwa kutazama video na kubofya tu, hakuna programu inayotengenezwa hapo. Anayetengenezwa ni mtoto wako.

Hatari nyingine iko ndani ya simu ya mama, kwa sababu simu ya mama ndiyo benki ya nyumba. Kijana anayejaribu programu ovyo anaweza kupakua ya mikopo ya kausha damu, akabonyeza "kubali", na kabla ya jioni majina yote ya kwenye simu yamechukuliwa. Deni likichelewa wanapigiwa mchungaji, mwalimu mkuu na wifi. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Kama uwezo upo, kijana ajaribie kazi zake kwenye simu nyingine, hata yenye kioo kilichopasuka, isiyo na laini ya pesa. Namba ya siri ya pesa asiijue, hata kama ndiye anayemsomea bibi ujumbe.

Na yeye mwenyewe anayetengeneza ana wajibu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inalinda majina, namba na habari za watu. Deni la mwanachama wa kikoba si habari ya kumwonyesha rafiki kwenye basi, wala ya kutupia kwenye kundi la Telegram ili kuuliza kwa nini hesabu haitoki. Wakati wa kujaribu, aweke majina ya kubuni. Mzazi anaweza kukagua hilo bila kujua chochote kuhusu msimbo: fungua programu, usome majina.

Kuhusu usiku, kazi hii haina sababu ya kufanyika chini ya blanketi. Shangazi yupo mchana, steshenari hufungwa jioni, na kosa linalomsumbua mtu saa saba usiku mara nyingi huonekana saa moja asubuhi akiwa anakunywa chai. Simu ilale sebuleni.

Kabla ya Julai

Mwezi Juni kahawa inaiva na mikono yote inahitajika. Julai, waliochaguliwa wanabeba magodoro kwenda shule za bweni, ambako simu kwa kawaida haziruhusiwi. Programu ya kikoba inabaki kwa shangazi, na ikikwama mwezi Agosti hakuna wa kuirekebisha mpaka Desemba.

Kwa hiyo wiki ya mwisho kijana afanye mambo ya mtu anayekabidhi ofisi. Faili la mradi alihifadhi mahali pawili. Neno la siri la akaunti aliandike na kumpa mama, kwenye karatasi, ndani ya bahasha. Shangazi afundishwe kutoa nakala ya taarifa na kuituma kwa mwanakikundi mmoja anayeaminika. Daftari la karatasi liendelee kuandikwa kila wiki kama zamani, na Desemba, siku ya kugawana, vilinganishwe viwili hivyo mbele ya wanachama wote, kijana akiwa amekaa hapo hapo.